Vifaranga vya sato kutoka nje ya bonde la Tanganyika: tuvizuie virusi vya TiLV kabla vizimba havijaenea Kigoma

#1 Mfugaji wa Mwandiga (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Ninauleta uzi huu kwa wafugaji wa samaki, wavuvi, maafisa uvuvi na yeyote anayeishi kwa kutegemea Ziwa Tanganyika na mito inayoliingia. Naomba tuujadili kwa utulivu, kwa sababu sehemu kubwa ya uamuzi wake iko mikononi mwetu wenyewe.

Tangu upande wetu wa ziwa ulipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hamu ya kufuga samaki imeongezeka hapa Kigoma. Watu wanachimba mabwawa Mwandiga, Kasulu na kandokando ya mto Luiche, na wengine wanaulizia vizimba vya kuweka ziwani. Ufugaji huu ninauunga mkono kwa moyo wote, maana ziwa limeelemewa na familia zinahitaji kitoweo na kipato. Hata hivyo, katika mazungumzo mengi ninasikia watu wakiuliza bei ya kifaranga, aina ya chakula na muda wa kuvuna, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza kifaranga hicho kimezaliwa katika maji gani. Kwangu mimi hilo ndilo swali linalopaswa kutangulia mengine yote.

Kuna ugonjwa wa samaki wa jamii ya sato na perege unaosababishwa na virusi vinavyojulikana kwa kifupi kama TiLV. Huko Israeli, tangu mwaka 2009, samaki wa jamii hii walikuwa wakifa kwa wingi mabwawani na kupungua katika Ziwa Galilaya, na mwaka 2014 watafiti wa huko walitangaza kwamba wamekigundua kirusi kipya kinachohusika. Mwaka huohuo ugonjwa wa ini uliokuwa ukiua sato wa kufugwa nchini Ecuador ulielezwa kitaalamu, na baadaye ikabainika kwamba ni virusi vilevile. Zikafuata taarifa kutoka Misri, Kolombia, Thailand, India, Malaysia na kwingineko, na Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa tahadhari kwa nchi zinazofuga samaki hawa. Kisha mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya vipimo vya sato wa kufugwa na wa ziwani kutoka Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wetu wa Tanzania, ambamo vinasaba vya virusi hivyo vilionekana katika baadhi ya samaki.

Hiyo taarifa ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu vifaranga vingi vinavyotafutwa na wafugaji wa mkoa wetu hutoka Kanda ya Ziwa, na barabara ya kutoka Mwanza kupitia Kahama, Kakonko na Kibondo hadi Kasulu sasa inapitika kwa urahisi kuliko zamani. Mfuko wa plastiki uliojazwa maji na oksijeni hupakiwa kwenye basi na kufika Kigoma vifaranga vikiwa hai, na maji yaliyomo pia yanafika pamoja na chochote kilichomo ndani yake.

Niseme kidogo jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi, maana bila kuuelewa huwezi kuuzuia. Virusi vinaishambulia ini zaidi, pamoja na bandama, figo na ubongo. Samaki huacha kula, hupoteza nguvu, rangi yake hubadilika, ngozi hutoka vidonda, macho huvimba au lenzi ya jicho hufifia na kuwa na ukungu, na wengine hujaa maji tumboni. Samaki mgonjwa huvisambaza kwa wenzake kwa kukaa nao katika maji yaleyale. Majaribio ya Thailand yameonesha pia kwamba mzazi aliyeambukizwa anaweza kuvipitisha kwa watoto wake, jambo zito kwetu sisi ambao mbegu zetu hutoka kwa jike anayeatamia mayai mdomoni. Vifo vimetofautiana sana mahali na mahali, na katika mabwawa mengine vimefikia asilimia 90. Wakulima wa Asia walikuwa wakiona vifaranga vikipukutika ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kupandikizwa, na baadhi ya vifo hivyo vilipochunguzwa vilikutwa na TiLV.

Hakuna dawa ya kuutibu. Antibayotiki haiui virusi, na anayemwaga antibayotiki bwawani kwa kubahatisha anapoteza fedha na kuwazoesha bakteria dawa ambayo siku moja ataihitaji kweli. Samaki wengine hupona na kupata kinga, lakini aliyepona anaweza kubaki na virusi mwilini, kwa hiyo kundi linaloonekana zima si ushahidi kwamba ni safi.

Sasa tuliangalie ziwa letu. Ziwa Tanganyika lina eneo la takribani kilomita za mraba 32,900, kina chake kinafika mita 1,470, na linagawanywa na nchi nne. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, ulioko upande wa Kongo, na hubadilika polepole mno. Maji ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 29 hivi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na TiLV imeripotiwa kuua samaki katika maji ya nyuzi 22 hadi 32, maana yake hatuna msimu wa baridi wa kutusaidia. Ndani yake wamo samaki wa ukoo wa siklidi zaidi ya spishi 200, karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Ngege wetu, ambaye wataalamu humwita Oreochromis tanganicae, ni wa jenasi moja na sato. Katika mto Malagarasi yuko mwingine wa jenasi hiyo, Oreochromis malagarasi, ambaye naye makao yake ni mto huo na maji yanayouzunguka. Kule Galilaya, walioathirika hawakuwa sato wa kufugwa peke yao, bali na siklidi wa porini wa jenasi tofauti.

Kuna funzo kutoka Amerika Kaskazini ambalo tunaweza kulitumia bila kungoja yatufike. Mwaka 2005 na 2006 katika Maziwa Makuu ya huko ulionekana ugonjwa mwingine wa virusi, unaoitwa VHS, uliosababisha vifo vya samaki wa aina nyingi. Ule ni ugonjwa wa maji baridi, chini ya nyuzi 15, kwa hiyo hautuhusu moja kwa moja. Walichofanya ndicho kinachotuhusu. Oktoba 2006 serikali ya Marekani ilitoa amri ya dharura ya kuzuia usafirishaji holela wa samaki hai kutoka majimbo yanayopakana na maziwa hayo, na wavuvi wakatakiwa kumwaga maji ya mitumbwi na ya ndoo za chambo kabla ya kuondoka kwenye maji, na kutohamisha samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine. Hawakuweza kuvitoa virusi katika maziwa yale, wala hakuna mtu anayeweza kulitibu ziwa zima. Walichoweza ni kupunguza kasi ya kuenea kwenda maziwa madogo na mabwawa. Sisi tuna nafasi nzuri zaidi, kwa sababu tunaweza kuanza kwenye mfuko wa vifaranga, kabla haujafunguliwa.

Pendekezo langu ni hili. Kwanza, vizimba vitakavyowekwa ndani ya Ziwa Tanganyika visipandikizwe vifaranga kutoka nje ya bonde hili, yaani nje ya eneo lote ambalo mito yake huishia ziwani humu. Tuzalishe vifaranga vya ngege hapahapa, kutoka kwa wazazi waliovuliwa hapahapa na kupimwa, hata kama ukuaji wake ni wa polepole kuliko wa sato walioboreshwa. Kigoma kuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na kuna kampasi ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, pale Kibirizi, kwa hiyo utaalamu hauko mbali nasi. Pili, kwa mabwawa ya nchi kavu ambayo tayari yanatumia sato, mfugaji asipokee mfuko wowote bila kujua kituo kilikozalisha, na bila cheti cha maabara kinachoonesha kwamba wazazi wa vifaranga hivyo wamepimwa TiLV.

Ninajua kwamba pendekezo la kwanza litawaudhi baadhi ya wenzangu waliokwisha kupiga hesabu za vizimba. Nawasihi waniambie ni wapi nimekosea katika hoja.

#2 Mvuvi wa Kibirizi

Mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho na ninakushukuru kwa maelezo. Mimi ni mvuvi wa kipe kwa miaka mingi na kizimba sina, lakini ninafikiria kuingia huko kwa sababu mavuno ya dagaa na migebuka si ya kutegemea kama zamani. Hoja yangu ni kwamba kama virusi hivyo vimeonekana Ziwa Victoria tangu 2018, na bado wenzetu wa Mwanza wanafuga kwenye vizimba na kuuza sato kila siku, basi huenda hatari yake si kubwa kiasi unachokieleza. Zaidi ya hapo, kumwambia mtu asubiri ngege azalishwe kituoni ni kumwambia akae na njaa. Vifaranga vya sato vipo leo, na vya ngege mtu hajui atavipata lini.

#3 Mfugaji wa Mwandiga

Mkuu wa Kibirizi, hoja zako zote mbili ni za haki na nitazijibu moja baada ya nyingine.

Ni kweli kwamba sato wa Ziwa Victoria waliokutwa na vinasaba vya TiLV hawakuripotiwa kufa kwa wingi. Lakini naomba tulitazame jambo hilo kwa makini, kwa sababu ndilo linalonitia hofu. Kifaranga anayeumwa waziwazi hafiki Kigoma, maana atafia njiani au muuzaji atamtupa. Kifaranga anayebeba virusi bila dalili ndiye atakayesafiri salama, atashushwa, atamwagwa kwenye maji mapya, na huko atakutana na samaki wa jamii nyingine, katika msongamano wa kizimba, baada ya uchovu wa safari, pengine kukiwa na bakteria wa kumalizia kazi. Virusi vinavyokaa kimya kwa mwenyeji mmoja havina wajibu wa kukaa kimya kwa mwingine.

Mfano mwingine uko hapahapa Afrika. Mwishoni mwa mwaka 2018 wafugaji wa vizimba katika Ziwa Volta nchini Ghana walianza kupoteza sato kwa kiwango ambacho hawakuwa wamekizoea, na uchunguzi ukaonesha kwamba ni virusi vya aina nyingine, vinavyoitwa ISKNV, vinavyoharibu bandama na figo. Ugonjwa ulihama kutoka shamba hadi shamba ndani ya ziwa moja, na wafugaji wakajikuta wanapandikiza vifaranga vingi zaidi ili angalau wabaki na vichache vya kuvuna. Ghana haikuwa nchi isiyo na wataalamu, wala wafugaji wale hawakuwa wazembe. Kizimba hakina ukuta. Maji yanayopita kwa jirani yako ndiyo yanayokuja kwako, na samaki wa porini huja kula mabaki ya chakula chini ya nyavu kisha huondoka kwenda kwingine.

Kuhusu njaa, sisemi watu wakae bure. Ninachosema ni kwamba mwenye haraka aanze na bwawa la nchi kavu ambalo anaweza kulifunga, kulikausha na kulisafisha ikitokea shida, huku sote tukidai vifaranga vya ngege kwa sauti moja. Bwawa lililoambukizwa unaweza kulianza upya, jambo ambalo kwa ziwa haliwezekani. Na wewe mwenyewe, mkuu, unaishi kwa ziwa hilo hata kabla hujanunua kizimba.

#4 Mama Bwawa Kasulu

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nina mabwawa matatu madogo huku Kasulu, yanapokezana maji kwa mfereji mmoja kutoka kijito. Masika yaliyopita nilipoteza samaki wengi wa bwawa la kati. Asubuhi niliwakuta wengine wanaelea, wengine wako juu wanahema kwa midomo, na jirani akaniambia ni ugonjwa, nikatafuta dawa dukani nikauziwa unga ambao sikuelezwa ni wa nini. Ninaomba kuuliza: mtu wa kijijini asiye na maabara atajuaje kama hao wamekufa kwa virusi au kwa jambo jingine? Na je, mabwawa yangu mengine mawili yako hatarini?

#5 Daktari wa Mifugo Tabora

Marahaba mama, na pole sana kwa hasara. Nimefanya kazi ya afya ya wanyama hapa Tabora kwa muda mrefu, na niseme wazi kwamba kwa macho pekee hata mimi siwezi kuthibitisha TiLV. Lakini kuna mambo ambayo mfugaji anaweza kuyatazama kabla ya kufikia hitimisho.

Samaki waliokosa oksijeni hufa ghafla, mara nyingi alfajiri, wengi kwa pamoja, na wakubwa hutangulia kwa sababu mahitaji yao ni makubwa. Wanaobaki huwa juu ya maji wakihema kwa midomo, na wakiongezewa maji mapya jua likichomoza huanza kupata nafuu. Hali uliyoieleza, hasa baada ya mvua kuingiza matope na samadi bwawani, inafanana zaidi na hiyo. Ugonjwa wa virusi huja kwa mwendo mwingine. Huanza wachache wasiokula, kesho wanakufa kadhaa, keshokutwa wanaongezeka, na vifo huendelea kwa wiki moja au mbili hata maji yakiwa mazuri, na mara nyingi huja muda mfupi baada ya kuingiza vifaranga wapya. Macho kuvimba nako kusikupeleke moja kwa moja kwenye virusi, kwa sababu bakteria wa jamii ya streptokokasi huvimbisha macho pia, na samaki wao huogelea kwa kuzunguka kama waliopoteza mwelekeo. Ndiyo maana unga wa dukani usiojulikana haufai kutumiwa.

Uthibitisho hupatikana kwa kipimo cha vinasaba, kinachoitwa PCR, katika maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na Chuo Kikuu cha Sokoine ni sehemu ambazo afisa uvuvi wako anaweza kuwasiliana nazo. Mpigie afisa kabla ya kuchukua sampuli, kisha msikilize anavyokuelekeza. Mambo ambayo wafugaji wengi hukosea ni mawili. La kwanza ni kupeleka samaki aliyekwisha kuoza, ilhali kinachofaa ni yule aliye hai lakini dhaifu, au aliyekufa muda huohuo. La pili ni kumweka juu ya barafu bila mfuko, akalowa maji ya barafu. Aliyekusudiwa kupimwa afungwe kwenye mfuko safi, kila bwawa na mfuko wake ulioandikwa, kisha mfuko uwekwe kwenye boksi la barafu na ufike maabara ndani ya saa 24. Penye umbali kama wa Kasulu hadi maabara, afisa hukata vipande vidogo vya ini, bandama, figo na ubongo na kuvitia kwenye ethanoli ya asilimia 95, ambayo huvihifadhi kwa kipimo hicho bila barafu. Spiriti ya kawaida ya kusafishia vidonda ina maji mengi, haifai kwa kazi hii.

Kuhusu mabwawa yako mengine: yamo hatarini kwa sababu moja, ule mfereji. Maji yanayotoka bwawa la kwanza kuingia la pili na kisha la tatu hupeleka ugonjwa wowote, uwe wa virusi, wa bakteria au wa vimelea. Ukiweza, kila bwawa lipate mlango wake kutoka kwenye mfereji mkuu na tundu lake la kutolea. Hiyo ni kazi ya jembe, haihitaji fedha nyingi. Kila bwawa pia liwe na wavu wake na ndoo yake.

Niongeze jambo la usalama wa walaji, kwa sababu huzua uvumi. TiLV haijaonekana kumdhuru binadamu. Pamoja na hayo, samaki waliokufa kwa ugonjwa wasipelekwe sokoni. Maji ya kuoshea na matumbo yao yakimwagwa mtoni, virusi vinapata njia mpya, na majaribio yameonesha kwamba virusi hivi hustahimili kugandishwa kwa wiki kadhaa. Wafukiwe kwenye shimo refu mbali na kijito na kisima, kwenye udongo usiotuama maji, wafunikwe chokaa kisha udongo.

#6 Mkulima wa Urambo

Ninafuatilia. Mimi niko Urambo, nina bwawa la sato na kazi yangu kubwa ni tumbaku. Ziwa Tanganyika liko mbali sana na kwangu. Je, hili pendekezo la kutochukua vifaranga kutoka nje ya bonde linanihusu nami, au ni la watu wa ziwani?

#7 Mfugaji wa Mwandiga

Linakuhusu, ndugu yangu, na ninashukuru umeuliza kwa sababu wengi wa mkoa wa Tabora hawajioni humu. Maji ya Ugalla na ya Igombe, ambayo hukusanya mvua ya sehemu kubwa ya Tabora, Sikonge, Urambo na Kaliua, huishia mto Malagarasi. Malagarasi hupita kwenye ardhi oevu ile kubwa inayoungana na Moyowosi, iliyotambuliwa kimataifa kwa mkataba wa Ramsar mwaka 2000, kisha hushuka kupitia Uvinza na kuingia Ziwa Tanganyika karibu na Ilagala. Bwawa lako likifurika masika na samaki wakatoka, njia ya maji iko wazi mpaka ziwani, na kabla ya kufika huko watakutana na wavuvi wa Malagarasi ambao hawajui hata kwamba wewe upo.

Mwenzetu aliyeko Igunga yuko upande mwingine kabisa, ingawa ni mkoa mmoja nawe. Maji ya Igunga huelekea Wembere na kuishia mashariki, hayaji kwetu. Kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Mwamapuli kiko huko. Kwa hiyo hata vifaranga vya Mwamapuli, kwa maana ya maji, ni vifaranga vya bonde jingine, na kwa mabwawa ya Urambo vinahitaji kipimo kilekile ninachokidai kwa vya Mwanza. Mipaka ya mikoa na wilaya isitupoteze. Ninatamani sana kuona maafisa uvuvi wa Kigoma na Tabora wakiwa na ramani moja ya mabonde ya mito, na kila kibali cha kusafirisha samaki hai kikitazamwa kwa ramani hiyo.

Kwako wewe cha kufanya sasa ni kuinua kingo za bwawa kabla ya mvua za Novemba, kuchimba mfereji wa kuchepusha maji ya mafuriko yasipite bwawani, na kuweka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, ukiukagua kila baada ya mvua kubwa kwa sababu majani huuziba na maji hutafuta njia juu ya ukingo.

#8 Mvuvi wa Kibirizi

Nimeelewa zaidi kuhusu vizimba, na kuhusu ngege nitazungumza na wenzangu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni. Nina maswali mawili ya mwisho. Je, kambare nao huugua? Wapo vijana wanaotaka kufuga kambare badala ya sato ili kulikwepa tatizo hili. Pia sisi wavuvi wa kawaida, tusiofuga, tuna la kufanya?

#9 Daktari wa Mifugo Tabora

Kuhusu kambare, majaribio yaliyofanywa Thailand kwa kuwachoma virusi samaki wa aina mbalimbali yalionesha kwamba kambare wa huko hawakuugua, lakini gorami mkubwa, ambaye si wa ukoo wa sato, aliugua na kufa. Kwa hiyo kambare ni chaguo lenye nafuu kwa upande wa TiLV, ila maji ya mfuko wake na nyavu zake yanaweza kuwa yamepitia kwenye bwawa la sato kituoni. Wavunaji wanaozunguka na kokoro lao kutoka bwawa hadi bwawa wanastahili kuangaliwa vilevile.

Nyavu na ndoo ziondolewe kwanza matope na magamba kwa maji na sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijafanya kazi. Kisha ziloweshwe kwenye maji yenye klorini. Kwa dawa ya kufulia yenye klorini ya asilimia 3.5, mililita 115 katika ndoo ya lita 20 hutoa kiasi cha miligramu 200 kwa lita, na kulowesha kwa saa moja kunatosha. Baada ya hapo suuza, anika juani mpaka zikauke kabisa. Maji ya klorini yamwagwe nchi kavu mbali na bwawa, maana huua samaki.

#10 Mfugaji wa Mwandiga

Nishukuru kwa daktari. Nimalizie swali la mkuu wa Kibirizi kuhusu wavuvi, pamoja na namna ya kupokea mfuko, kwa sababu nimeulizwa hilo pia kwa ujumbe wa faragha.

Mvuvi wa ndoano anayetumia chambo hai asichukue chambo hicho kwenye bwawa la mfugaji wala kwenye mto mwingine na kukiachia ziwani jioni. Kinachobaki kitumike kama kitoweo au kifukiwe. Mtumbwi unaobebwa kwa gari kutoka Ziwa Victoria au kutoka Malagarasi umwagwe maji yote na ukaushwe juani kabla ya kuguswa na maji ya hapa, pamoja na nyavu zake. Na mvuvi anayeona ngege au siklidi wengine wanaelea kwa wingi ufukoni, hasa karibu na kizimba au mdomo wa mto, atoe taarifa kwa kikundi chake na kwa afisa uvuvi siku hiyohiyo, kabla hawajaoza, ili sampuli ipatikane.

Kwa anayepokea vifaranga: mazoea yetu ni kuuelekeza mfuko bwawani, kuuacha uelee mpaka joto lilingane, kisha kuufungua na kumimina kila kitu. Sehemu ya kwanza ni sahihi lakini ifanyike kwenye beseni au tangi, siyo bwawani. Joto likishalingana, vifaranga vichotwe kwa kijavu na kuhamishiwa kwenye maji yako, na yale maji ya safari yatiwe klorini na kumwagwa nchi kavu. Vifaranga visiingie moja kwa moja kwenye bwawa lenye samaki wengine. Vikae kwenye bwawa la karantini kwa mwezi mzima, na bwawa hilo liwe upande wa chini wa mteremko ili maji yake yasipite kwa wengine, na lisimwagwe kijitoni. Anayewahudumia awahudumie mwisho, baada ya kumaliza mabwawa mengine. Vifo vikianza ndani ya mwezi huo, usivihamishe vifaranga hivyo na usimgawie jirani, mpigie afisa.

Mama wa Kasulu, ukipata nafasi ya kuchimba ule mfereji, anza na bwawa la chini kabisa uligeuze kuwa la karantini. Daktari wetu akikubali, nitaomba atuchoree mpangilio wa mabwawa matatu tuuweke hapa kwenye uzi, ili na wengine wa Kibondo na Kakonko waufuate kabla ya masika.